Diwani wa Vyura

Jina la Diwani wa Vyura alipewa na mshindani wake kwa kejeli, na kwa bahati mbaya ya huyo mshindani jina likakaa mpaka likawa la heshima. Kabla ya hapo aliitwa Mheshimiwa, kama wanavyoitwa wote waliowahi kukalia kiti cha kuchaguliwa hata kwa wiki mbili. Na kabla ya Mheshimiwa, utotoni, aliitwa Kidevu, kwa kuwa alizaliwa na kidevu kilichotangulia mbele ya mwili mzima, na hakuna aliyejua kingempeleka wapi. Kilimpeleka kwenye siasa.

Alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Mama yao alipofariki yeye akiwa na miaka sita, aliyemlea ni dada yake mkubwa, msichana wa miaka kumi na saba mwenye mdomo wa mtu wa arobaini. Dada alipata kazi ya ufuaji hospitalini, na jioni alirudi na mikono iliyokunjamana kwa maji na kuanza kazi ya pili ya kulea. Alimwogesha, alimchapa, alimfundisha kusoma kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Na kila alichomuuliza alitaka kijibiwe kwa neno moja.

"Umekula?"

"Nilikuwa nataka kula, lakini..."

"Umekula au hujala?"

Ungedhani mtoto aliyelelewa hivyo angekua mnyoofu kama rula. Wapi. Alichojifunza ni kuteleza. Alipofika miaka kumi alikwishajua kumjibu mtu kwa namna ambayo mtu huyo anaondoka ameridhika, na akifika nyumbani kwake ndipo anagundua kwamba hakujibiwa kitu. Dada peke yake ndiye ambaye hakuwahi kutelezewa. Wengine wote, walimu, wajomba, hata mkwe wake siku ya kuposa, aliwapitia chini kwa chini.

Kipaji cha namna hiyo hakiachwi kikaozea nyumbani. Akagombea udiwani akiwa na miaka arobaini na nne, akashinda, akakaa vipindi viwili. Katika miaka yote kumi hakuna mtu aliyesikia neno hapana likitoka kinywani mwake. Alikuwa na majibu matatu. Kwa jambo jepesi alisema, "Nipe wiki mbili." Kwa jambo zito alisema, "Limeshafika mezani." Na kwa jambo lisilowezekana kabisa aliweka mkono begani kwa muulizaji, akashusha sauti na kusema, "Tutaliangalia." Watu walipenda hasa hiyo ya tatu. Ilikuwa na joto la undugu.

Tumpe haki yake, lakini. Hakuwa mwizi, na hakuwa mvivu. Alikuwa na daftari la jalada jeusi lenye kila nyumba ya kata yake: nani mgonjwa, nani kafiwa, mtoto wa nani kafaulu, nani kaahidiwa nini. Alikwenda kwenye misiba ya watu wasiomjua. Aliweka kalvati saba, akaleta bomba la maji, akajenga vyoo vya shule vilivyokuwa na milango kweli. Na kila alichokifanya alikipigia picha. Hiyo ilikuwa desturi yake, na ni desturi ya wote wa kazi ile: unasimama kando ya kitu, unakiwekea mkono, unacheka mpaka jino la mwisho, na picha inakwenda kwenye fremu. Ukuta wa sebule yake ulijaa picha za namna hiyo, safu tano kutoka dirishani hadi mlangoni: yeye na kalvati, yeye na bomba, yeye na mlango wa choo.

"Nyumba hii ina meno mengi kuliko kliniki ya meno," mkewe alikuwa akisema wakati wa kuzipangusa vumbi.

Katika safu ya tatu kulikuwa na picha mbili ambazo mgeni asingeziona zina uhusiano. Ya kwanza ilipigwa mwanzoni mwa kipindi chake cha kwanza. Yupo na nywele nyingi, ameweka mkono juu ya jiwe la mpaka, la zege, lililopakwa chokaa na kuandikwa namba kumi na nne kwa rangi nyekundu. Nyuma yake kuna kibanda cha pampu chenye mlango wa bluu. Ya pili ni ya miaka minane baadaye. Nywele zimerudi nyuma, tumbo limekuja mbele, meno ni yale yale. Ameweka mkono juu ya jiwe la mpaka, namba kumi na nne. Nyuma yake hakuna kibanda, kuna mafunjo na maji.

Jiwe lilikuwa lile lile moja. Aliyelihamisha ni yeye.

Chini ya kata yake palikuwa na kinamasi, kipande kipana cha matete na mafunjo ambamo kijito kilipumzika kabla ya kushuka mtaa wa chini. Ofisini kiliitwa ardhi oevu. Mtaani kiliitwa Topeni, na hakuna mtu aliyewahi kushinda uchaguzi kwa kutetea tope. Mawe ya mpaka yaliwekwa na mpima ardhi kukizunguka, na ndani ya mawe sheria haikuruhusu kujenga. Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, watu walimjia wakitaka viwanja, na yeye, ambaye hapana haikuwa katika msamiati wake, aliwaambia wote kwamba limeshafika mezani. Ikabidi basi meza ipatikane. Aliitisha kamati ya ardhi, akaazima ramani kwenye jalada, wakachora nyingine, na wiki iliyofuata mawe yakasogezwa hatua themanini kuelekea majini. Vikapatikana viwanja kumi na viwili. Ramani ya zamani hakuirudisha. Hakuichoma wala kuificha. Ilibaki kwenye kiti cha nyuma cha gari la kampeni, ikafungiwa fulana, ikanyeshewa, ikaisha.

Viwanja kumi na kimoja viliwaendea watu wenye ndugu wengi na sauti kubwa. Cha kumi na mbili alimpa dada yake, ambaye mwaka ule alikuwa amefiwa na mume na kuhamia chumba kimoja cha kupanga. Hicho hakukitoa kwa ajili ya kura. Alimpeleka pale asubuhi moja, akamwonyesha kwa mkono kutoka kigingi hiki mpaka kile, na yule mwanamke ambaye maishani hakulia mbele yake aligeuka upande akajipangusa macho kwa upindo wa kitenge. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote katika siasa zake, na alikuja kuikumbuka kwa uchungu baadaye.

Uchaguzi wa tatu aliangushwa. Wale kumi na mmoja, wakiisha kupata viwanja, hawakuwa na haja naye tena. Aliyemwangusha alikuwa mshika kipaza sauti wake mwenyewe, mtu aliyemfuata miaka kumi akijifunza kila ujanja wake, hata kule kuweka mkono begani.

Miezi mitatu hakutoka ndani. Alikaa kwenye kiti chake kilichokuwa chini ya picha zake, anasikiliza redio na kubishana nayo, mpaka mkewe alipomwambia, "Baba, nenda hata ukatembee. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya kiti." Akawa anatembea kando ya kijito alfajiri, kwa kuwa ndiko kusikopita watu wa kumcheka. Usije ukafikiri alipenda mazingira. Alikuwa anajificha.

Kisha zikaja mvua za mwaka ule. Hazikuwa kubwa kuliko za miaka mingine, lakini mtaa wa chini ulifurika kiunoni. Alishuka asubuhi kusaidia, kwa mazoea tu ya kazi, na kwenye kibanda cha fundi cherehani alimkuta mwenyewe anakamua suruali za wateja, cherehani mbili zimelala kwenye matope kichwa chini. Fundi hakumlaumu. Aliendelea kukamua, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Zamani maji haya yalikuwa yanalala kule juu Topeni, Mheshimiwa. Sasa kitanda chao kimejengewa nyumba. Inabidi waje kulala kwangu."

Mheshimiwa aliweka mkono begani kwa fundi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema tutaliangalia. Akaufunga. Akainama akashika suruali nyingine na kukamua, na siku hiyo alikamua suruali hadi adhuhuri bila kutoa ahadi yoyote.

Hapo ndipo alipoanza. Alichonga mti, akaupaka rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita kumi, akauchomeka kijitoni. Kila alfajiri alisoma maji yamefika wapi. Daftari jeusi aliligeuza juu chini akaanza kuandika kutoka ukurasa wa mwisho: kina cha maji, ndege aliowaona, mlio wa vyura wa aina ngapi. Alijifunza kwa wanafunzi wa chuo waliokuja kufanya utafiti, akiwauliza maswali hadi wakamkimbia. Akapanda matete ukingoni. Na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kufanya jambo, alifanya kampeni. Alipita nyumba hadi nyumba. Alikumbuka nani kafiwa na mtoto wa nani kafaulu. Alizitoa fulana za uchaguzi zilizobaki stoo, magunia manne, akawagawia wanaokuja kuokota plastiki, na kila Jumamosi watu thelathini waliinama kwenye tope na uso wake ukicheka migongoni mwao.

"Anatafuta kura za vyura," yule mshika kipaza sauti alisema kwenye mkutano wa hadhara, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Jina likatoka hapo. Lakini miaka ilivyopita watu walianza kulitaja wakiwa na shida: taka zimetupwa kijitoni, kamwambieni Diwani wa Vyura. Mwaka wa tano maji hayakuingia tena kwa fundi cherehani isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja yaliishia kizingitini.

Siku moja mwezi wa kiangazi yalikuja malori matatu ya kifusi yakamwaga kwenye matete. Alipouliza, akaonyeshwa karatasi. Kilichobaki cha Topeni upande wa juu kingejazwa kiwe yadi ya kuegesha malori. Kufuatana na ramani mpya, mawe yalipokaa sasa, sehemu yote ya juu ya kinamasi ilikuwa nje ya hifadhi, na diwani wa sasa, yule mshika kipaza sauti, alikwishaidhinisha.

Alikwenda ofisi ya bonde la mto na daftari lake la miaka mitano. Afisa wa bonde, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alilisoma ukurasa kwa ukurasa, wala hakujifanya anasoma.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini mimi nafuata mawe. Jiwe lilipo ndipo sheria ilipo. Kama una uthibitisho kwamba mpaka ulikuwa kwingine, ulete Alhamisi kwenye kikao, mbele ya watu. Ramani ya zamani tumeitafuta, haipo. Unajua ilikwenda wapi?"

"Nipe wiki..." alianza. Kisha akaona haya, akaaga.

Jumatatu nzima alikaa mbele ya safu ya tatu. Mkewe alileta chai, akaikuta imepoa, akaleta nyingine, nayo ikapoa. Mwishowe alivuta kigoda akaketi kando yake, akatazama anakotazama mumewe, picha moja kisha nyingine. Hakuwa mwanamke wa kuchelewa kuelewa.

"Kwa hiyo utawaambia kwamba ni wewe."

"Mimi si kitu. Watanicheka, nimezoea. Lakini jiwe likirudi pale, nyumba kumi na mbili zinakuwa ndani."

Mkewe alitazama tena picha ya pili. "Na ya dada," alisema.

"Na ya dada."

Jumanne alikuja diwani mwenyewe, na viatu vinavyong'aa, akakaribishwa sebuleni. Alizitazama picha kwa upole wa mtu aliyeshika kamera siku zile, maana zile mbili za jiwe alizipiga yeye.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ni mwanao. Ulinifundisha wewe. Ukifukua habari za mawe, utazikwa humo humo. Watu wa zile nyumba watakuja mlangoni kwako, si kwangu. Na shangazi yetu pale, na umri wake, mashuka yake ataanika wapi?" Akanyanyuka, akamwekea mkono begani. "Tutaliangalia, mzee wangu. Usijitese."

Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kulitumia neno nusu ya umri wake bila kujua uzito wake, mpaka siku awekewe begani mwake mwenyewe. Mkono ule ulikuwa na joto kweli. Alikaa akiusikia hata baada ya mgeni kuondoka.

Jumatano mchana alikwenda kwa dada. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, vyumba viwili na jiko la nyuma. Kabati na kitanda vilisimama juu ya matofali, na ukutani, kimo cha goti, ulipita mstari wa kahawia ambao chokaa haikuweza kuuficha. Dada alikuwa amestaafu ufuaji, lakini bado alifulia nyumba ya wageni, na alikuwa anaanua mashuka. Alimrushia ncha mbili za shuka, kama alivyokuwa akimrushia utotoni. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza siku zote: kila mmoja na ncha zake, wanavuta, wanakung'uta, wanasogeleana, yeye anampa dada ncha zake, anainama kuokota mkunjo.

Katika shuka la kwanza alimweleza habari za malori. Katika la pili, habari za mawe. Katika la tatu alimwambia kwamba aliyeyahamisha ni yeye, na dada hakushtuka, alivuta tu ncha zake zikanyooka.

"Usiku wa kwanza kulala hapa," dada alisema, "asubuhi nilikuta chura kwenye beseni. Nikajua nimejenga kwa watu. Nikanyamaza, kwa sababu ulinipa wewe, na nilikuwa sina pa kwenda. Sasa kesho unakwenda kusema."

"Nakwenda, dada."

"Na nyumba yangu imo ndani ya mpaka."

"Imo."

"Itabaki?"

Alifungua mdomo. "Dada, hilo ni jambo pana kidogo, kuna utaratibu, watu watapewa viwanja kule juu, mimi mwenyewe nitafuatilia, tutali..."

Dada aliachia ncha. Shuka likaanguka sakafuni, jeupe, lililofuliwa na kukauka, na katika miaka yote ya kukunja mashuka naye hakuwahi kumwona anaangusha.

"Jibu la mpiga kura usinipe mimi," alisema, bila kupandisha sauti. "Nimekuosha matako. Nyumba yangu itabaki au haitabaki?"

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliwahi kuhutubia maelfu, aliwahi kusimamisha malori kwa kifua. Alisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu.

"Hapana," alisema. "Haitabaki."

Dada aliinama akaokota shuka, akalikagua, akaliweka pembeni la kufuliwa upya. Akachukua lingine na kulikunja peke yake, akilibana kwa kidevu, kidevu kile kile cha ukoo. Alipoona mdogo wake bado amesimama, alisema, "Nenda nyumbani." Hakumsindikiza hata mlangoni. Mdogo wake alitembea njia nzima akijisikia mwovu, na kwa mara ya kwanza hakutafuta mtu wa kumwambia kwamba si mwovu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wale wa viwanja kumi na kimoja walikaa safu za mbele, wamekunja mikono. Fundi cherehani na watu wa mtaa wa chini walisimama ukutani. Diwani wa Vyura alikuja na picha zake mbili kwenye mfuko wa plastiki, na ukutani nyumbani kwake kukabaki miraba miwili ya rangi isiyofifia. Alipoitwa, hakusalimia makundi yote kama ilivyokuwa kawaida yake. Aliziweka picha mezani na kusema kwamba jiwe ni moja, mahali ni pawili, na aliyelihamisha ni yeye, kwa sababu alitaka kura. Alisema ramani aliiazima yeye na kuipoteza yeye. Ilichukua dakika tatu. Hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na hakuna aliyepiga makofi.

Afisa alivaa miwani akalinganisha picha. Diwani akasimama.

"Kwa heshima zote kwa mzee wangu," alisema, "picha hii ina kibanda. Kibanda hicho kilibomolewa zamani, hakuna alama. Kilikuwa wapi? Kinaweza kuwa kilikuwa popote. Mtu anakuja hapa anakiri mwenyewe kwamba alidanganya serikali, halafu tumwamini akituonyesha kwa kidole?"

Hoja ilikuwa nzuri. Alikuwa amemfundisha vizuri. Afisa aligeukia ukumbi. "Kuna mtu mwingine anayejua kibanda cha pampu kilikuwa wapi?"

Safu za mbele zilitazama sakafu. Walikijua wote, walichota maji pale. Mzee alisimama pale mezani na mikono mitupu, akaona miaka mitano ya kina cha maji na vyura inakwisha hivi hivi, kwa kosa la uongo wake mwenyewe kuwa imara kuliko ukweli wake.

"Kipo jikoni kwangu," ilisema sauti kutoka nyuma.

Dada yake alikuwa karibu na mlango, amevaa gauni lake la kwenda kanisani. Hakuna aliyemwona anaingia. Alikuja mbele taratibu, akipishwa.

"Fundi alipochimba msingi wangu alikuta zege la mraba na bolti nne zimesimama. Akasema tusipoteze saruji, tujenge juu yake. Tatu tulizikata. Ya nne ilitushinda, mpaka leo naifungia kamba ya kuanikia. Njooni mpime kutoka hapo."

"Mama," afisa alisema, "unaelewa kwamba ukishasema hivyo..."

"Si umeuliza kilipo? Nimekuambia." Akamtazama mdogo wake mara moja, bila tabasamu, akarudi alikotoka.

Walikwenda wakapima. Bolti ilikuwepo, na kibano cha nguo bado kimening'inia kwenye kamba. Ilichukua miezi minane zaidi kwa familia kumi na mbili kupata viwanja kule juu, na miezi yote hiyo Diwani wa Vyura alishinda kwenye mabenchi ya ofisi, akisubiri na daftari lake, mpaka makarani wakawa wanajificha wanapomwona. Familia mbili hazimsalimii hadi leo. Nyumba ya dada aliibomoa yeye mwenyewe kwa nyundo na mtarimbo, tofali kwa tofali, na dada amesimama jua kali akimwambia asivunje fremu za madirisha. Kwa muda ule dada alihamia kwake, sebuleni, na siku ya kwanza aliamuru picha zote zishushwe kwa sababu hawezi kulala anachekewa. Zikashushwa.

"Umenisamehe?" alimuuliza siku ile, akimsaidia kubeba godoro.

"Sijakusamehe. Shika vizuri upande wako."

Siku ya kurudisha jiwe, mpima ardhi alikuja na watu wanne, wakalipanda palipokuwa mahali pake, hatua mbili kutoka kwenye zege la kibanda. Matete yalikwishaanza kuchipua pale palipokuwa na jiko. Mtaa wa chini ulipanda kuja kuona, na fundi cherehani, aliyekuwa na simu mpya, akasema, "Mheshimiwa, simama pale tukupige."

"Hapana," alisema. Siku hizi lilikuwa linatoka bila shida. "Picha nimepiga za kutosha. Pigeni jiwe."

Akageuka aondoke. Dada akamdaka shati.

"Rudi," alisema. "Watakuja wengine watalihamisha tena, watu wakose cha kuonyesha. Weka mkono." Aliweka. Dada akamtazama usoni kama alivyokuwa akimkagua kabla ya kumpeleka shule. "Na safari hii usicheke."

Hakucheka. Hiyo ndiyo picha pekee iliyopo ukutani kwake sasa. Mzee mwenye kidevu, mdomo umefungwa, mkono juu ya jiwe namba kumi na nne. Pembeni kabisa, karibu na fremu, unaonekana mkono wa mwanamke, umekunjamana kwa maji, umemshika shati asitoke.